Meno Aliyonichongea Baba

Jumatatu, 24 Mei 1954
Nimekula mahindi nikitazama ukuta, kama kila siku. Kisha darasani, kiganja mdomoni mpaka kengele. Mwaka mzima tangu nitoke Mpofi kuja kufundisha hapa Masisi, hakuna aliyeona meno yangu. Yamechongwa, ndiyo desturi yetu kule msituni. Hapa milimani huwacheka wenye meno kama haya.

Jumatano, 26 Mei
Padri mkaguzi amekuja. Akawaambia watoto wasome ubaoni. Wote wakasimama, wakafunika midomo kwa viganja, wakanong'ona. Padri akatega sikio. Hakusikia kitu. Akauliza ni ugonjwa gani huu.
Wamejifunza kwangu! Wanadhani kusoma ndiko huko. Aibu imenichoma.
Papa Direkteri, mkuu wa shule, aliniita: "Mwalimu, Padri atarudi Pentekoste. Batoto baimbe kanisani, asikie. Kama hapana, utarudi kwenu."

Ijumaa, 28 Mei
Nimewaamuru washushe mikono. Wameshusha. Midomo imebaki imefungwa. Kumbe mtoto hafuati amri, humfuata mwalimu. Najichukia.

Jumamosi, 29 Mei
Nilikwenda kwa fundi wa misheni, ana tupa. Anisawazishie meno, yaishe. Nikakaa, mdomo wazi. Ndipo nikamkumbuka baba, siku ile aliponilaza kichwa mapajani, akichonga taratibu, akiimba ili nisilie. Alichonga kwa upendo, mimi nataka kukwangua.
Nikainuka. Fundi alibaki ameduwaa na tupa yake.

Jumatatu, 31 Mei
Nimeshusha mkono. Nimecheka mbele ya darasa, meno yote nje.
Bahati, msichana wa benchi la mbele, akauliza: "Mwalimu, nani alichonga meno yako?"
"Papa yangu."
"Inaweza kukata muwa?"
"Inakata sana."
Wakacheka, nami nikacheka. Kisha tukaimba. Darasa la pili walikuja kuchungulia dirishani. Walie wivu!

Jumapili, 6 Juni, Pentekoste
Tumeshinda. Nimeongoza wimbo mdomo wazi, kanisa limejaa. Watoto walipaza sauti, Padri mkaguzi akarudi nyuma hatua mbili. Akina mama wakapiga vigelegele. Papa Direkteri amenishika mkono: "Sasa tunasikia. Utabaki."
Baba, meno yako yameimba kanisani. Ni yangu. Nayapenda, na mwenye nayo nampenda.

Jumatatu, 7 Juni
Hakuna shule. Nimetoa kiti nje, nikala mahindi nikitazama barabara. Bahati alipita na muwa, akaninyooshea. Nikaukata vipande viwili kwa meno, nikampa chake.