Kiti cha Mbele

Jumamosi jioni, Keroka

Bahati nimezaliwa nayo. Tulipoenda na kwaya ile bustani ya michezo ya Kisumu, nilipata kiti cha mbele cha rola kosta, kile kigari cha reli kinachopanda na kuporomoka kwa kasi, mara tatu!

Sasa kesho tunaenda tawi la bustani hiyo lililoko Nairobi. Sabato ilipoisha tu, mke wangu Kwamboka akaanza kufunga ndizi za safari.

“Baba Moraa, rola kosta ya Nairobi ni ndefu zaidi. Utalia mpaka Nyamira wasikie.”

“Mimi? Uliza Kisumu!”

Moraa wetu ameogopa wiki nzima. Leo akanishika mkono. “Baba, ukikaa na mimi mbele, vile ulikaa Kisumu, nitapanda.”

Nimemwahidi.

Kisumu sikupanda kitu. Nilibaki chini nikishika mikoba ya kwaya.