Tangazo la Kifo cha Magnus Isbister

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dawson, Yukon. Tarehe 9 Machi 1899.

Jina: Hollis Trewin. Umri: miaka 58. Kazi: mpiga chapa wa gazeti. Makazi: chumba cha nyuma cha duka la chapa, Dawson.

Mimi namchapia Bw. Prewitt gazeti lake. Tangu ujana nimepanga herufi za madini ya risasi katika miji ya dhahabu, na sijaokota hata punje. Hapa wino huganda. Kila asubuhi nauyeyusha jikoni karibu na maharage yangu. Nimechoka, na niliomba hilo liandikwe. Afande alisema halihusu kesi.

Mnamo mwezi Februari tulichapa kwamba Kijito cha Mbweha kina dhahabu. Bw. Prewitt aliisikia habari hiyo baa, kwa mtu aliyeisikia kwa mtu mwingine. Watu wakatoka mbio kwenye theluji, na Magnus Isbister akiwamo. Dhahabu haikuwapo. Alikufa kwa baridi huko huko, akarudishwa kwa sleji inayovutwa na mbwa.

Jana, tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, kaka yake, Davie Isbister, alikuja dukani kuomba tangazo la kifo. Gazeti letu hufika hadi kwao, visiwa vya Orkney, kwa meli.

"Mzee Trewin, barua yangu mama hataiamini," alisema. "Mimi ndiye mwongo wa nyumba. Gazeti ataliamini."

"Kumbe kuamini magazeti mmerithi kwake," nikamwambia. Alicheka kidogo, kisha akalia.

Nilipanga maneno yake, nikachapa karatasi moja ya kusahihishia. Bw. Prewitt akaingia, akaisoma.

"Kijito cha Mbweha? Ondoa hapo. Unataka watu waseme tumemuua sisi?"

"Kwani nani mwingine?" Davie akauliza.

"Mwambie mama yako ni homa, bwana. Homa haina lawama."

Akaitia karatasi kwenye moto wa jiko, akazimwaga herufi zangu sakafuni. Davie akachukua shoka la kuni. Bw. Prewitt alitoka mbio. Davie akaniambia, "Mzee wangu, sogea kidogo." Nikasogea, naye akaivunja mashine ya kuchapia.

Naulizwa kama ningeweza kumzuia. Ningeweza, alikuwa akilia, haoni vizuri. Sikutaka. Mashine ile niliipenda kuliko watu wengi, na ilipopasuka niliumia sana. Kisha nikakaa chini, nikapumzika. Kazi sina tena, na Davie najua mtamfunga na kumpasulisha kuni za kituo hadi barafu iyeyuke.

Nimesema niliyoyaona, na sina la kupunguza.

Sahihi: H. Trewin

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa haya akayakubali, ila alikataa kutia sahihi mpaka niongeze maneno ya tangazo lililochomwa, aliyonitajia kwa kichwa: "Magnus Isbister wa Stromness, miaka 24, amekufa kwa baridi Kijito cha Mbweha, akifuata habari ya gazeti. Alikuwa mpole, na kaka yake alimzika vizuri." Nimeyaandika. Nakala ya ukurasa huu itapelekwa kwa mama wa marehemu, nayo nimeipiga mhuri wa kituo, ili aamini.

Koplo A. Desmarais