Shangazi, Nimewaambia Habari za Tumbo Langu

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu haukubali kuanza bila kukuamkia.

Nakuandikia kwa penseli, kwenye karatasi aliyonipa karani wa kiwanda. Juma, tunayekaa naye chumba kimoja hapa Igogo, ameniuliza, "Unamwandikia nani?" Nikasema, "Shangazi." Akasema, "Yule aliyekufa?" Nikasema, "Ndiye." Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Basi mwambie Juma anamsalimu sana." Salamu zake hizo.

Shule nilisoma miaka miwili tu, unajua mwenyewe, kwa hiyo maneno yakikaa vibaya unisamehe. Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita kule Nyegezi nilisema mbele ya watu jambo nililolificha tangu nitoke kwako Butimba. Nilisema naumwa tumbo. Na wewe nikakutaja.

Unakumbuka jina langu la machungani? Mbio. Tumbo likinibana niliacha ng'ombe hapo hapo nikakimbilia nyuma ya mawe, na wenzangu wakapiga kelele, "Mbio huyooo! Mpisheni Mbio!" Nilikuwa narudi nimeinamisha kichwa kama nimeiba. Jioni tukikaa kula, walisogeza bakuli mbali nami. "Asitie mkono humu huyu, atatupa tumbo lake." Baba alikuwa anasikia, anaendelea kutafuna. Wewe ndiwe uliyeniita kwako, ukaweka bakuli dogo katikati yetu, ukasema, "Kaa hapa, baba. Mimi sipendi kula peke yangu." Ulisema kama mimi ndiye ninayekusaidia. Nilikuwa mtoto, nikaamini. Nikawa nakuja kila siku nisije nikakuacha mpweke.

Na ile siku ya shule. Niliomba ruhusa mara ya tatu, mwalimu akasema, "Kaa chini, umetoka mara mbili tayari." Nikakaa. Yaliyotokea sitaki kuyaandika. Nilirudi kwa njia ya ufukweni ili nisionwe, nikakukuta unafua. Hukuniuliza kitu. Ulinivisha kitambaa chako, ukachukua shuka yangu, ukaifua pamoja na nguo zako kama nguo nyingine yoyote. Ukasema tu, "Maji ya ziwa hayaishi, baba." Kesho yake baba alipokata fimbo ili nirudi shule, ulisimama mlangoni, naye akashindwa kupita.

Halafu lile shimo! Nikilikumbuka nacheka peke yangu. Watu wote walikuwa wanakwenda porini, wewe ukaanza kuchimba nyuma ya ghala la mtama, mimi nikitoa udongo kwa kikapu, ili mgonjwa wako asihangaike. Majirani walipita wakisema, "Anamchimbia mtoto wa kaka yake ikulu!" Ukawa unachimba tu. Mwaka uliofuata bwana afya akaja na mwanangwa, yule mkubwa wa kijiji chetu, na amri ya serikali: kila nyumba iwe na choo, asiye nacho ataitwa barazani. Choo kilikuwa kimoja tu, cha kwako, tena kimeezekwa. Mwanangwa akawaleta watu wote waje kutazama. Wewe umeegemea jembe kama mwalimu, unawaambia, "Chimbeni mpaka kichwa cha mchimbaji kisionekane." Yule jirani aliyecheka kuliko wote akauliza kwa adabu, "Na mlango, mama, uelekee wapi?" Ukamjibu, "Popote, ila usielekee kwa majirani. Wanapenda kucheka."

Lakini si yote ya kucheka, shangazi, na hili nililotaka kukuambia ndilo zito.

Baba alinipeleka kwa mfumu, mganga anayepasua kuku na kusoma ndani yake. Yule mzee alitazama kuku, akasema tumbo langu limetoka katika chungu cha karibu. Hakutaja mtu. Hakukuwa na haja. Nani alikuwa ananipikia katika chungu cha peke yake? Wewe. Mjane, huna mtoto. Tangu siku ile wanawake wakaacha kwenda kuteka maji pamoja nawe. Ukitokea njiani wanakata kona. Baba akanikataza kula mkononi mwako.

Mimi nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuwa kijana, natazama mambo. Nilijua kwamba nikila kwa baba nalala siku tatu nimejikunja, na nikila kwako naamka mzima. Mtu mmoja tu angeweza kulisema hilo, na huyo ni mimi, nami nikanyamaza. Nikawa napita kwako jioni kwa mlango wa nyuma, nakula haraka haraka, halafu mchana wakikusema nakaa pale pale natazama miguu yangu. Hukuniambia hata mara moja, "Nisemee." Uliweka bakuli karibu na mlango ukasema, "Ukitaka, lipo."

Ulipokufa kwa homa ile ya masika, waliokuja kukuzika walikuwa wachache. Nilirudishia udongo pamoja nao. Hata pale sikusema.

Nikaja mjini. Nafanya kazi kiwanda cha pamba, nashona magunia. Saa sita watu wote wanazunguka sinia moja, ugali na maharage yenye pilipili nyingi, na mimi nakwenda kukaa nyuma ya marobota na kopo langu. Juma alikuwa ananipigia kelele, "Wewe bwana, unaficha kuku huko?" Wengine walisema mimi mchoyo. Wengine walisema vibaya zaidi, kwamba mtu anayejitenga na chakula cha wenzake ana lake jambo. Niliwaacha waseme. Niliona heri niitwe mchoyo kuliko kuitwa Mbio tena.

Mwezi wa Ramadhani ulipofika nikapata raha. Nusu ya wafanyakazi ni Waislamu, watu wa Tabora na wa pwani. Saa sita hakuna sinia, wasiofunga wanakula pembeni kwa heshima, hakuna anayeniuliza neno. Mwezi ule nilikuwa kama watu wengine.

Na ni katika mwezi ule tulipokwenda Nyegezi kumposa Minza. Sijakuambia habari za Minza. Anauza dagaa pale mitumbwi inapofikia. Hasemi sana, kama mimi. Tukikaa watatu, anayeongea ni Juma.

Baba yake alitupokea vizuri, vyakula vikaletwa, na Juma akainua mkono: "Utusamehe, mzee, sisi tumefunga." Sisi! Baba Minza akanitazama. Ilikuwa kazi ndogo kusema, "Amefunga yeye." Nikatazama miguu yangu. Yule mzee akasema, "Aa, vizuri. Kijana ana dini yake." Chakula kikarudishwa, na mimi nikapumua.

Njiani Juma akacheka hadi akakaa juu ya jiwe. "Umesilimu lini, ndugu yangu?"

Baada ya Idi tukaitwa tena. Shangazi, nilipoingia ule uwanja nilitaka kurudi nilikotoka. Mbuzi amechinjwa. Na chini ya ukingo wa paa ameketi mzee mmoja mwenye kofia, fundi wa kushona nguo kule madukani. Baba Minza alikuwa ametoka alfajiri kwa miguu kwenda kumwomba aje amchinje mbuzi kwa njia ya Kiislamu, ili mimi nile. Kwa ajili yangu! Alisema kwa furaha kabisa, "Leo hamna kufunga. Nimefanya kama mnavyotaka ninyi."

Fundi akanipa salamu yao. Nikajibu, "Shikamoo." Watu wakacheka, wakadhani ni aibu ya mkwe.

Tukanawa. Nyama ikaja na mafuta yake, na mbele yangu mimi wakaweka kibuyu cha maziwa ya asubuhi. Unajua maana yake. Mkwe anayekataa maziwa ya nyumba amekataa ng'ombe wao, na binti yao amemkataa. Nikinywa, nitakuwa nimekimbia kabla wazee hawajanyanyuka. Wote wananingoja nianze.

Hapo baba mkubwa wa Minza akasema, "Msimlazimishe. Niliuliza habari zake huko Butimba. Si mambo ya dini. Huyu alilogwa na shangazi yake. Yule mwanamke alikuwa anampikia chungu cha peke yake, akamharibu tumbo. Sasa anaogopa chakula cha watu. Si kosa lake."

Shangazi, alinifungulia mlango. Nisingehitaji kusema neno. Wangenihurumia, lawama ungeichukua wewe, na wewe umekwisha kufa, huna hasara. Nikaona miguu yangu iko pale chini, inaningoja niitazame.

Nikainua macho. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Nikasema, "Hapana, baba. Mimi si Mwislamu, na sikulogwa. Mimi naumwa tumbo tangu utoto. Maziwa yananiumiza, mafuta yananiumiza, nikila vibaya nakimbilia porini mbele ya watu. Shangazi yangu hakuniharibu. Nyumba zote nilizokula niliugua, kwake tu sikuugua. Alitukanwa kwa sababu yangu mpaka akafa, na mimi nilijua, nikanyamaza. Mkinifukuza nifukuzeni, lakini yeye msimseme."

Nilisikia nzi kwenye nyama.

Baba Minza akamgeukia Juma. "Wewe si ulisema mmefunga?"

Juma akasema, "Mzee, nilikosa, nilisema sisi. Lakini sikusema amesilimu!"

Yule fundi akawa wa kwanza kucheka. Akasema, "Haya, mbuzi amekwisha kufa halali, tumle tunaoweza." Wengine wakacheka, lakini baba Minza hakucheka. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilijua Minza anaponyoka mikononi mwangu.

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke kutoka ndani ya nyumba, sauti ya chini. Alikuwa mama yake Minza. Unajua desturi, mimi simwoni na yeye hanioni, na kuongea naye uso kwa uso hakuna. Minza akatoka, akasimama kizingitini, akasema bila kumtazama mtu, "Mama anauliza, huyo shangazi alikuwa anampikia nini?"

Shangazi, tangu ufe hakuna mtu aliyeniuliza hivyo. Waliniuliza nimemkosea nani, waliniuliza nina nini, nina shida gani na wenzangu. Nikabaki namtazama Minza. Juma akanipiga kiwiko: "Sema, bwana!"

Nikasema. Uji wa ulezi, mwepesi, usiokaa na kuchacha. Samaki, sato wa kuchemshwa, bila mafuta. Ugali kidogo, ukiwa wa moto. Kunde hapana. Minza akawa anarudia maneno yangu kuelekea ndani, moja moja, kwa ile sauti yake ndogo. Ndani wakauliza, "Na chumvi?" Nikasema, "Chumvi kidogo." Minza akasema, "Chumvi kidogo, mama."

Tukakaa. Wenzangu wakala mbuzi, fundi akahadithia safari zake. Baada ya muda Minza akaleta bakuli la uji. Baba yake akalichungulia, akalisogeza kwangu kwa mkono wake mwenyewe, na kile kibuyu cha maziwa akakichukua akanywa yeye. Akamwambia kaka yake, "Umeuliza habari Butimba, lakini hukumuuliza mwenye tumbo." Halafu akanigeukia. "Mwambie baba yako aje tuzungumze."

Nimekwisha kwenda kwa baba. Nimemweleza yote, na habari zako pia, jinsi nilivyokuwa napita kwa mlango wa nyuma. Alivuta kiko chake mpaka kikazimika. Lakini atakwenda Nyegezi wiki ijayo, na amesema kabla ya harusi tutapalilia kaburi lako, yeye na mimi.

Sikudanganyi, sijapona. Jana tu nimekesha kwa maumivu. Pale kiwandani wanajua wote, maana Juma hawezi kukaa na habari. Wako wanaonitania, na yuko mmoja ambaye bado hasogei nilipo. Yananichoma. Lakini nakula karibu nao sasa, na kopo langu, na nikinyanyuka ghafla wananipisha, basi.

Nilichelewa, shangazi. Ulihitaji maneno yale ulipokuwa hai, ukitoka peke yako kwenda majini. Hilo nitakuwa nalo siku zote na sikuombi uniambie si kitu.

Ila nikuambie jambo moja. Nikienda Nyegezi sasa, yule mama nisiyemwona ananipikia kabla sijafika. Juzi nilimsikia ndani akimhimiza Minza, "Koroga vizuri, huo ni uji wa shangazi." Hajawahi kukuona hata siku moja. Amekutaja kama mtu wa nyumba ile.

Pumzika. Mahali popote nitakapokuwa na jina lako likasemwa vibaya, nitajibu.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyekula naye bakuli moja.