Matundu Manane Niliyoyaziba

Mjomba,

Shikamoo. Nakuachia nafasi hapa uitikie. Hukuwahi kusema marahaba bila kuongeza, "Na nyundo umeiacha wapi?" Iko mkononi. Naandika nikiwa nimekaa juu ya boriti za ukumbi wa kwaya, hapa Ipuli, ule ukumbi uliokuumiza roho mpaka siku yako ya mwisho. Mbao zote nimezibandua. Nina jambo nimelichelewesha miaka saba, lakini kwanza nikupe habari za nyumbani.

Mama, dada yako, ni mzima. Analalamika kuwa karakana imekuwa kimya mno, yeye aliyekuwa akitufokea kwa kelele za msumeno! Mwanao Deo kajenga Isikizya, na sakafu ya nyumba nzima kaweka marumaru, si mbao. Nilimwambia hana aibu. Kacheka, kisha akatoka nje kufuta macho.

Nakumbuka wiki yangu ya kwanza ya kujifunza ufundi kwako. Ulinitembeza mjini kunitambulisha kwa sakafu, kama vile ni ndugu zako. Ghorofani, kwenye nyumba ya zamani, ulinionyesha boriti zilizoingizwa ukutani, mbao zikalala juu yake, na chini watu wanapika. Kwingine mbao zilikuwa zimepigiliwa kwenye fito zilizolazwa juu ya zege. Ukakunja uso, ukasema hiyo ni sakafu ya mtu mwenye haraka. Wewe yako ilikuwa moja. Nguzo fupi za matofali, kofia ya bati juu ya kila nguzo ili mchwa wakwame, boriti, halafu mbao za mninga. Chini ya mbao unaacha uwazi, na kwenye ukuta wa msingi unaacha matundu, mbele na nyuma, hewa ipite. "Sakafu inavuta pumzi, Melania. Usiizibe pua." Kila nyumba ulivua viatu, ukapiga kisigino, ukasikiliza. Mimi nilikuwa naona aibu, hasa kwa zile soksi zako.

Sasa nisikilize.

Ukumbi huu ulikuwa karibu kwisha, ukaniachia nimalizie pembe moja na kupaka vanishi, wewe ukaenda Urambo kuchagua mbao za kazi nyingine. Siku ya mazoezi nyoka akaingilia tundu moja la nyuma, akapenya kwenye ile pembe ambayo nilikuwa sijaimaliza, akakatiza katikati ya kwaya. Watu walitoka nje kupitia madirishani. Mama Yustina, mwalimu wa kwaya, akanishika mkono: "Mwanangu, ziba hayo mashimo, la sivyo hawa siwapati tena." Wavu ungetosha. Wavu sikuwa nao, saruji nilikuwa nayo. Nikaziba yote manane, nikapaka chokaa mpaka hayaonekani. Uliporudi uliniuliza, "Ukumbi vipi?" Nikasema, "Salama." Ukaniamini, hukwenda kukagua. Nilijiambia nitakueleza kesho.

Mwaka jana sakafu ikadidimia. Sauti ya pili yote ilizama mpaka magotini katikati ya wimbo, na wanasema sauti ya nne hawakuona, wakaendelea kuimba. Ungecheka, kama isingekuwa sakafu yako. Miguu yako ilikuwa imeshakataa. Habari ulipelekewa kitandani, hospitali ya Kitete. Uliangalia dari, ukasema, "Nilikosea mbao. Hazikuwa zimekauka." Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nilijua, Mjomba. Nilijua, na nikakupa kijiko kingine.

Mazishini watani wetu Wazaramo walifanya kazi yao. Mmoja alijilaza mbele ya jeneza, akasema hapiti mtu mpaka wafiwa waape kuwa sanduku hili hakulitengeneza marehemu, lisije likatoboka njiani. Watu walicheka, hata Mama alicheka, na ndivyo utani unavyotakiwa kuwa. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya jiko. Walikuwa wanalizika jina lako pamoja na wewe, na kosa ni langu.

Wazee wa kanisa waliamua wajaze zege. Nikaomba nibandue mimi. Boriti zimeoza ncha zote zilizogusa ukuta, pale unyevu ulipokosa pa kutokea. Katikati ni nzima. Nilipokata kipande msumeno ulilia, na vumbi likanukia kama karakana yako.

Jumapili, baada ya matangazo, nilisimama. Nikasema yote, hata lile la hospitali. Mzee wa kanisa akaniuliza kwa nini nasema sasa, wakati fundi mwenyewe hayupo. Nikasema, "Kwa sababu nyinyi mpo, na mnamsema." Mama Yustina akainuka analia, akasema yeye ndiye aliyeniomba. Nikamwambia akae. Yeye alifundishwa nyimbo, mimi nilifundishwa sakafu.

Wamekubali mbao zirudi, ila si chini ya mkono wangu. Wamemwita fundi kutoka Nzega, nami nitakuwa msaidizi wake. Imeniuma, lakini ni haki. Na mzee wa kanisa alisema mbele ya watu wote kwamba fundi wetu marehemu hakukosea.

Mbao zako zilikuwa kavu, Mjomba. Zilikuwa kavu kabisa. Ningekuambia pale kitandani ungenifokea mpaka manesi waje, ungenuna siku mbili, halafu ungekufa ukijijua kuwa wewe ni fundi. Hilo nilikunyima, na nakupenda, na yote mawili ni kweli. Nisamehe.

Pumzika, mjomba wangu mwenye soksi zilizotoboka. Nakuahidi hili moja: nikikosea tena, nitasema wakati niliyemkosea bado anasikia.

Mpwa wako,
Melania