Bati la Trekta Lililopinda

Shoga, hakuna fundi wa kunishinda mtaa huu. Leo nimenyoosha bati la trekta kwa makalio.

Usicheke. Nimelala kifudifudi, nakuandikia kwa kidole kimoja.

Ni lile bati la chini ya trekta letu dogo la kukatia majani, linalofunika visu. Asubuhi nimeligongesha kwenye kisiki. Kisiki chenyewe nakijua kuliko ninavyowajua wakwe zangu! Likapinda, visu vikawa vinalikwaruza.

Na unamjua mwanangu. Alishaapa kwamba nikiligonga tena anachukua ufunguo, trekta nibaki kulitazama dirishani. Na leo anakuja kula.

Basi nikafungua bolti, nikalilaza bati juu ya mbao mbili, upande uliovimba juu. Nikapiga nyundo mpaka mkono ukagoma. Nikasema, huu uzito mnaonichekea kila siku, leo upate kazi. Nikajitupa. Bati likalia ko! Kiuno kikaitikia ko!

Mara mwanangu huyo mlangoni.

"Mama, umekaa juu ya nini?"

"Napunga upepo."

"Juu ya bati?"

Akaninyanyua, akashika kichwa. "Mama! Tangu niko shule naliendesha trekta hili, sijaligonga hata siku moja!"

Shoga, pale nilipokaa rangi ilikuwa imebanduka, puti ya kuzibia tundu imemeguka, na kwenye ufa kinachungulia kitambaa.

"Na hiki nini?"

"Hicho... hicho wanaweka kiwandani, Mama. Kinazuia kelele."

Nikakivuta. Soksi ya shule! Na jina lake juu, nimelitarizi mimi mwenyewe.