Bakuli Lililorudi Tupu

Mjukuu wangu Swabra,

Assalamu alaykum, na baridi ya Eldoret ikuhurumie. Huku sote wazima. Babuyo goti lamsumbua, lakini msikitini hakosi.

Waniuliza kama wakili aweza kumaliza kesi bila kwenda kortini, maana mwalimu wenu wa sheria asema ni jambo jipya. Mimi nililiona miaka ya tisini, nilipokuwa nikipiga taipu kwa wakili mmoja mwanamke hapa Mji wa Kale.

Alikuja Bi Zuhura, ataka kumshtaki jirani yake, Bi Mwanaisha, kwa kujenga ukuta uliomzibia dirisha la jikoni. Wakili hakunipa mashtaka niyapige. Alimwita na huyo jirani, kisha akawataka kila mmoja aseme lalamiko la mwenzake, si lake. Nami nikaacha taipu nisikilize.

"Atasema nimemzibia dirisha," akasema Bi Mwanaisha.

Bi Zuhura naye akasema, "Atasema aliniletea futari kupitia dirisha hilo, nami nikamrudishia bakuli tupu. Siku ile nilikuwa na mgonjwa, sikupika."

"Mimi nikaona wanidharau, ndipo nikajenga. Mbona hukunambia?"

Ukuta ulivunjwa kabla ya Idi, na wakili akapelekewa kaimati kutoka nyumba zote mbili.

Tangu hapo najiuliza. Sheria ya dirisha imo vitabuni, lakini ile ya bakuli, kwamba la jirani halirudishwi tupu, hakimu angeijuaje? Ukiikuta huko chuoni, nambie iko ukurasa gani.

Akupendaye,
Bibi yako