Filamu Ambayo Baba Yako Hakuimaliza

Mpendwa mwanangu Bahati,

Unakumbuka ulivyokuwa ukimburuta baba yako kwenye banda la video kila mliposhusha maharage Kasulu? Mlikuwa mkirudi nyumbani Titye mkirushiana ngumi za filamu uani, kuku wangu wakitawanyika, nami nikiwafokea wote wawili. "Mama, huyu mzee hana pumzi!" ulikuwa ukicheka.

Tangu watu wakuue pale sokoni Kasulu kwa mawe na magongo, wakisema umeiba pikipiki ambayo mwenyewe alikuazima, baba yako hajacheka. Anapiga mlango, anapiga mbuzi. Juzi tulipopeleka maharage nikamwambia twende bandani, huenda ngumi za wengine zikampumzisha. Nje walikuwa wamebandika picha ya mtu na bunduki. Kumbe filamu yenyewe ilikuwa ya mke na mume waliofiwa na mtoto, wamekaa mezani hawasemezani.

Mtafsiri wa banda, yule anayezisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili, alipoona hakuna mapigano, akajitungia yake. Yule mama alipoanza kulia, akamsemea kwenye kipaza sauti: "Usijali, mume wangu, usiku huu huu tunatengeneza mwingine!" Banda zima likaangua kicheko. Baba yako akaruka mabenchi, akamnyang'anya kipaza sauti na kumvunja nacho meno. Damu ilirukia skrini. Hapo watu wakamvamia, wakamkanyaga kichwa, mmoja akanyanyua tofali. Nikajitupa juu yake.

"Tuueni wote! Huyu ni baba yake Bahati, yule mliyemuua sokoni! Mwana wanje, mwanangu!"

Wakaganda. Mwenye tofali akasema polepole, "Hata yule tuliambiwa tu kwamba ni mwizi."

Nilimtazama vizuri, Bahati. Ndiye anayetushushia magunia kila tukifika mjini, na huniamkia kwa heshima.

Baba yako hakusikia. Masikio yake yalijaa damu. Sasa ananiuliza kwa nini sitaki tena kwenda Kasulu. Nanyamaza, na kunyamaza huku kunanichoma. Natamani nimchinje mtu yule kwa mkono wangu mwenyewe, nakwambia kweli. Lakini nikimtaja, baba yako atachukua panga saa hiyo hiyo, na safari hii hawatasikia kilio changu. Nisamehe, mwanangu. Wewe nimeshakuzika, yeye bado namtaka.

Lala salama, baba.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako